Fridtjof Nansen: mutu wa barafu aliyerudisha watu kwao



Katika kijarida chetu tunazoea kuleta habari za mbegu, za likirimba, na za familia zilizoshuka karibuni kwenye bandari ya Baraka. Mara hii tunaleta maisha ya mutu ambaye hakukanyaga udongo wa Congo hata siku moja. Alikufa mwaka wa 1930, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatawala hapa kwetu. Lakini kila mumoja wetu aliyepita kambi ya Nyarugusu ao Lugufu alishika mukononi kitu ambacho kilianza na yeye: karatasi inayosema kwamba mwenye kuishika ni mukimbizi, ana jina lake, na serikali zinamutambua.

Mutu huyo anaitwa Fridtjof Nansen, wa inchi ya Norwei, kule kaskazini kabisa mwa Ulaya. Watu wengi duniani wanamujua juu ya safari zake katika barafu. Sisi tunamukumbuka zaidi juu ya kazi aliyofanya akiwa muzee: kurudisha watu kwao, na kuwatafutia pa kuishi wale wasioweza kurudi. Kazi zote mbili alizifanya kwa namna moja, na hiyo namna njo tunataka muione.

Mutoto wa shamba na pori

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 katika shamba la Store Frøen, pembeni ya muji unaoitwa leo Oslo. Siku zile muji ulikuwa bado mudogo, na pori lilianza karibu na nyumba: miti ya baridi, vilima, mito yenye samaki. Baba yake alikuwa mwanasheria, mutu mutulivu na mukali juu ya wajibu. Mama yake alikuwa mutu wa nguvu, anapenda kuteleza juu ya teluji katika zamani ambazo watu waliona kwamba hiyo haiko kazi ya mwanamuke.

Tueleze kidogo, maana kwetu teluji ni ile tunayosikia habari zake kule juu Ruwenzori. Katika Norwei teluji inafunika udongo miezi mingi, na mutu akitembea anazama mupaka magotini. Juu ya hiyo watu wanafunga mbao mbili nyembamba na ndefu chini ya viatu, wanateleza nazo. Mutoto anajifunza mapema kama vile mutoto wa Baraka anavyojifunza kupiga kasia. Nansen alijua mbao hizo kupita vijana wengi wa rika lake, akashinda mashindano ya inchi mara nyingi.

Akiwa kijana alikuwa anaingia porini siku nyingi, mara nyingine peke yake, na chakula kidogo tu mufukoni. Samaki aliyevua njo alikula. Alijifunza kule kwamba baridi na njaa haziogopi mutu anayejigamba, ila zinamuachia mutu aliyejitayarisha.

Alisoma elimu ya wanyama katika chuo kikubwa. Mwaka wa 1882 alipanda chombo cha wawindaji wa sili, wale wanyama wa bahari wenye mafuta mengi, juu ya kuchunguza bahari ya kaskazini. Barafu ilifunga chombo karibu na pwani ya mashariki ya Greenland. Wenzake walikasirika kwa kupoteza siku za kuwinda. Yeye alikuwa anatazama milima ya ile inchi kwa mbali, na wazo likamuingia kichwani: kuivuka toka upande mumoja mupaka upande mwingine, jambo ambalo hakuna mutu aliyekuwa amelifanya.

Safari bila njia ya kurudia

Greenland ni kisiwa kikubwa, karibu sawa na Congo yetu nzima, lakini sehemu kubwa sana imefunikwa na barafu. Watu wake wengi wanaishi pwani ya magharibi. Wote waliojaribu mbele ya Nansen walikuwa wanaanza magharibi, pale penye watu na chakula, kisha wanachoka na kurudi.

Nansen aligeuza mambo. Alisema wataanza mashariki, ambako chombo kitawashusha na kwenda zake. Nyuma yao hakutakuwa na kitu, ila bahari na barafu. Kila siku ya taabu, njia moja tu itabaki: ile ya mbele, kwenye watu.

Wakubwa wengi waliona ni wazimu. Serikali ya inchi yake ilikataa kutoa feza. Mwishoni alisaidiwa na mufanyabiashara mumoja wa Denmark. Alichagua watu watano: Otto Sverdrup, Oluf Dietrichson, Kristian Kristiansen, na wawili wa kabila la Wasami, Samuel Balto na Ole Ravna. Wasami ni watu wa kaskazini wanaofuga wanyama wa baridi, na wanajua teluji tangu utoto.

Tarehe 17 Julai 1888 waliacha chombo na kuingia katika mitumbwi yao miwili. Barafu iliwashika, maji yakawachukua kusini siku nyingi, mbali sana na mahali walipotaka kushuka. Walipofika inchi kavu ilibidi wapige kasia kurudi kaskazini, na wakati wa baridi unakaribia. Mwezi wa Agosti wakaanza kupanda, wanavuta mizigo yao wenyewe. Walipanda mupaka zaidi ya meta 2.700 juu ya bahari, baridi ya usiku ikafika digri 40 na zaidi chini ya ziro. Nyama kavu waliyonunua ilikuwa imetolewa mafuta yote, na mwili katika baridi unalilia mafuta. Walitamani siagi kama vile mutu wa kwetu anavyotamani mawese baada ya mwezi wa kula mboga za maji tu.

Mwisho wa Septemba waliona maji ya magharibi. Bado muji ulikuwa mbali, na hawakuwa na chombo. Wakatumia kitambaa cha hema na matawi ya miti, wakashona kitu kama mutumbwi, na Nansen na Sverdrup wakafika Godthaab, inayoitwa leo Nuuk, tarehe 3 Oktoba. Chombo cha mwisho cha mwaka kilikuwa kimeshaondoka. Walikaa pale mupaka mwaka uliofuata.

Hapa kuko jambo ambalo wengi wanasahau wakisifu ile safari. Nansen hakukaa kule akingoja tu. Alienda kwa wenyeji, watu wa kabila la Inuit, kama mwanafunzi. Walimufundisha kuendesha mutumbwi wao mwembamba wa ngozi, kuwinda sili, kuvaa na kulala namna ya kule. Baadaye aliandika kitabu juu ya maisha yao, na ndani yake alisema wazi kwamba Wazungu wamewaharibia watu hawa mambo mengi. Yale aliyojifunza njo yalimuokoa miaka michache baadaye.

Chombo kilichojengwa kwa kushikwa

Katika bahari ya kaskazini barafu inaweza kuminya chombo na kukivunja. Chombo kimoja cha Wamarekani, Jeannette, kilivunjika hivyo upande wa Siberia, na miaka mitatu baadaye vitu vyake vikaonekana pwani ya Greenland. Wengine waliona ni hasara tu. Nansen aliona kwamba barafu yenyewe inatembea, inavuka bahari nzima polepole. Kwa hiyo, badala ya kupigana nayo, chombo kijiache kishikwe, na barafu ikibebe.

Fundi Colin Archer alimutengenezea chombo kinachoitwa Fram, mbao nene, tumbo la muviringo. Barafu ikikiminya, kinapanda juu. Fikiri mbegu ya embe yenye maji: ukiiminya kwa vidole viwili inaponyoka. Waliondoka mwezi wa Juni 1893, watu 13. Barafu iliwashika kama walivyotaka, na chombo kikaanza kubebwa.

Lakini kilibebwa polepole sana, tena si kuelekea ncha ya dunia kabisa. Mwezi wa Machi 1895, Nansen aliacha chombo kwa Sverdrup, akaenda kwa muguu na mutu mumoja, Hjalmar Johansen, pamoja na mbwa 28. Walifika digri 86 na dakika 14 kaskazini, mahali ambapo hakuna mutu aliyejulikana kufika mbele yao. Pale waliona barafu ni mbaya na chakula hakitatosha. Nansen akaamua kugeuka. Ncha ilibaki zaidi ya kilometa 400, na aliiacha. Mutu jasiri asiyejua siku ya kugeuka anaua watu wake.

Safari ya kurudi ilichukua zaidi ya mwaka. Mbwa walichinjwa mumoja mumoja juu ya kulisha wengine. Baridi ilipofika, walichimba shimo, wakajenga ukuta wa mawe, wakafunika na ngozi za wanyama wa bahari, na kukaa ndani toka 1895 mupaka Mei 1896, wanakula nyama ya dubu. Siku moja, katika mwezi wa Juni, mitumbwi yao ilikatika kamba na kuelea mbali, na vitu vyao vyote vilikuwa ndani: chakula, bunduki, kila kitu. Nansen aliruka ndani ya maji ya barafu, akaogelea mupaka mikono na miguu ilikaribia kukataa, akaishika. Siku chache nyuma ya hapo alisikia mbwa akibweka. Alikuwa wa Mungereza, Frederick Jackson, aliyekuwa na kambi katika visiwa vile.

Mwezi wa Agosti 1896 Nansen na Johansen walifika Norwei. Wiki moja baadaye Fram nayo ikafika, imetoka katika barafu vile vile alivyosema. Watu wote 13 walirudi hai.

Johansen, yule aliyerudi na hakufika

Tusimuache Johansen, maana habari yake inatugusa sisi waliorudi. Alirudi kama shujaa, watu walimupigia makofi bandarini. Lakini nyumbani maisha hayakumukubali. Pombe ilimushika, deni zikaingia, ndoa ikavunjika. Nansen alijaribu kumusaidia, akamuombea nafasi katika safari ya Roald Amundsen kwenda kusini mwa dunia. Kule waligombana na mukubwa wa safari. Johansen alirudi peke yake mbele ya wengine, na katika mwezi wa Januari 1913 alijiua.

Katika kazi yetu tunaona watu kama yeye. Muke ao mume ameshuka katika boti, amepokea jiko, shuka na chakula cha kwanza, jina lake limeandikwa kwenye orodha ya waliofika. Kwenye orodha, kazi imekwisha. Moyoni mwake yeye bado iko njiani.

Wafungwa waliosahauliwa

Kisha Fram, Nansen alikuwa profesa, akachunguza bahari. Mwaka wa 1905 alisaidia inchi yake kutengana na Uswidi bila vita, akatumwa balozi London. Eva, muke wake, alikufa mwishoni mwa 1907 wakati yeye alikuwa katika kazi hiyo. Angeweza kuzeeka kwa amani, na jina lake kubwa, nyumbani kwake Polhøgda.

Vita vya kwanza vya dunia viliisha Novemba 1918. Mwezi wa Aprili 1920, wafungwa wa vita mamia ya maelfu walikuwa bado hawajarudi kwao. Wengi walikuwa Urusi na Siberia, wengine Warusi waliobaki Ujerumani. Hawakuwa tena na maana kwa waliopigana. Njaa, baridi na magonjwa viliwamaliza kidogo kidogo. Shirika la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, lilimuomba Nansen awarudishe.

Kulikuwa na fundo moja gumu. Serikali pya ya Urusi haikutaka kusema na hilo Shirika, na inchi nyingi za Shirika hazikutaka kusema na Urusi. Lakini Urusi ilikubali kusema na Nansen mwenyewe, kama mutu. Mufungwa hakuulizwa chama chake. Nansen alitafuta mikopo kwa serikali, akatafuta vyombo, akafungua njia za bahari na za reli. Katika muda wa miaka miwili hivi, wafungwa 427.886 walifika kwao.

Wengine wanasoma hesabu kama hiyo na kupita. Sisi tunaoandika orodha za waliofika tunajua kazi iliyo ndani yake. Kila mutu mumoja ni jina la kuandika sawasawa, sahani ya chakula, mahali ndani ya chombo, blanketi, mugonjwa wa kubebwa, na mutu wa kumupokea upande wa pili. Nansen alihesabu watu hawa kama alivyokuwa anahesabu mikate ya safari ya barafu: kama hesabu ni mbaya, mutu anakufa.

Karatasi yenye picha ya muzee

Mwaka wa 1921 Shirika likamupa kazi nyingine, wakimbizi Warusi. Walikuwa zaidi ya milioni moja, wametawanyika Ulaya na Asia, na serikali yao ilikuwa imewavua uraia. Hawakuwa na inchi, na hawakuwa na karatasi. Mutu bila karatasi hawezi kuvuka mupaka, hawezi kuandikishwa kazini, hawezi kuonyesha kwamba muke wake ni muke wake.

Mwezi wa Julai 1922, katika mukutano wa Geneva, serikali zilikubali karatasi ambayo watu waliita paspoti ya Nansen. Mwishoni zaidi ya inchi 50 ziliitambua. Haikumupa mutu uraia, wala haikumufungulia kila mulango, na inchi iliyoitoa haikulazimishwa kumupokea tena akitoka. Hata hivyo ilimurudishia jina lake mbele ya askari wa mupakani. Baadaye Waarmenia na wengine pia waliipata. Mwandishi wa muziki Igor Stravinsky alikuwa nayo, na muchoraji Marc Chagall, na maelfu ya madereva, washonaji na wakulima ambao hatujui majina yao.

Jambo moja lilitufurahisha sana. Karatasi hiyo ilikuwa inabandikwa tembre yenye picha ya Nansen, bei yake franka 5 za zahabu. Maskini kabisa hakulipishwa. Feza iliyopatikana ilirudi kusaidia wakimbizi waliokuwa wazaifu zaidi. Wamemba wetu watatambua mara moja hiyo ni nini. Ni likirimba.

Njaa iliyogeuzwa kuwa siasa

Mwaka ule wa 1921 njaa kali ilipiga bonde la muto Volga, Urusi. Jua lilikausha mashamba, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimemaliza akiba. Nansen alisimama mbele ya mukutano wa Shirika la Mataifa, akaomba serikali zitoe mukopo. Alisema chakula kiko, vyombo viko, watu watakufa katika miezi michache. Serikali zilikataa, kwa kuogopa kwamba kulisha watu wale kutatia nguvu utawala wao.

Alitoka pale akaenda kwa raia wa kawaida. Alisafiri mwenyewe mupaka sehemu za njaa, akarudi na picha, akazionyesha muji kwa muji. Watu walitoa. Shirika la misaada la Marekani njo lilifanya sehemu kubwa zaidi ya kazi ya kulisha, lakini watu wa Nansen nao walilisha wengi. Hata hivyo mamilioni walikufa. Alijua wengine wangeokolewa kama wakubwa wangeacha siasa inje ya chungu, na uchungu huo haukumutoka.

Desemba 1922 alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Feza ile hakuila. Aliiweka katika kazi ya kusaidia, pamoja na mashamba ya mufano kule Urusi. Alielewa kwamba gunia la unga linaokoa mwezi mumoja, lakini jembe, mbegu na mutu wa kufundisha vinaokoa mwaka unaofuata.

Swali la Lausanne

Hatutaki kumuandika kama malaika. Mwishoni mwa vita vya Ugiriki na Uturuki, mwaka wa 1922, Wagiriki mamia ya maelfu walikuwa wameshakimbia Uturuki. Nansen alipendekeza inchi mbili zibadilishane watu. Mapatano yalitiwa sahihi Lausanne tarehe 30 Januari 1923. Watu karibu milioni moja na nusu waliguswa: Wakristo waende Ugiriki, Waislamu waende Uturuki. Ilipimwa kwa dini. Kuko waliopelekwa katika inchi ambayo hawakujua hata lugha yake, na hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Wanaomutetea wanasema wengi walikuwa wameshapoteza makao, na kwamba alitaka kuzuia damu nyingine na kuwapatia mashamba. Hiyo ni kweli. Lakini walioacha makaburi ya wazazi wao kwa amri ya karatasi walibaki na uchungu mupaka vizazi vilivyofuata. Sisi tuliosikia mara nyingi wakubwa wakisema wakimbizi warudishwe haraka, tunatoa hapa somo moja: kurudi ni kuzuri wakati mwenye kurudi ameamua mwenyewe, amesikia habari za kweli juu ya kwao, na anajua atalala wapi. Nansen alipokata njia ya nyuma kule Greenland, alichagua yeye na wenzake. Mukimbizi alikatiwa njia yake na wengine. Tusichanganye hayo mawili.

Siku zake za mwisho

Katika miaka yake ya mwisho alitembelea Armenia, akapanga mifereji ya maji juu ya kuwapatia wakimbizi Waarmenia udongo wa kulima. Serikali hazikutoa feza. Aliendelea kuomba, mwaka kwa mwaka, mutu mwenye jina kubwa vile, anapiga hodi kama mujane.

Alikufa nyumbani tarehe 13 Mei 1930. Walimuzika tarehe 17 Mei, siku kubwa ya taifa lake. Ofisi ya wakimbizi iliyopewa jina lake iliendelea na kazi, ikapata Zawadi ya Nobel ya Amani mwaka wa 1938. Toka mwaka wa 1954, HCR inatoa kila mara zawadi yenye jina la Nansen kwa watu wanaosaidia wakimbizi na waliohama.

Na hapa Congo inaingia. Mwaka wa 2013 zawadi hiyo ilipewa Masista Angélique Namaika wa Dungu, kule Haut-Uélé. Yeye mwenyewe alikimbia juu ya vita. Alizunguka kwa kinga yake katika njia mbaya, akatafuta wanawake na wasichana walioteswa na waasi wa LRA, akawafundisha kusoma, kushona, kuoka mikate, na kushika feza yao. Hakuwa na chombo kama Fram. Alikuwa na kinga, na hakuchoka kurudi kwa mutu mumoja na yule yule mupaka asimame.

Sisi tunafanya nini

Wamemba, kuko watoto kwetu waliozaliwa kambini ambao mupaka leo hawana cheti cha kuzaliwa. Mutoto huyo yuko katika inchi ya baba yake, lakini mbele ya ofisi hajulikani. Kila mwenye mutoto wa namna hiyo alete jina lake, tarehe, na karatasi yoyote ya kambi iliyobaki, hata kama imechanika, kwa komite ya kijiji chake. Karatasi za kambi musizitupe wala kufungia karanga. Na wale walioshuka mwaka huu, tuwatembelee tena nyuma ya mavuno ya kwanza, hasa wanaokaa kimya na wanaokunywa sana. Tusingoje waje wenyewe.

Wafazili, tunawashukuru juu ya boti, turubai na chakula cha miezi ya kwanza. Tunawaomba mutembee nasi mupaka mahali pa pili: jembe, mbegu za muhogo na maharagi, na feza ya kumulipia mutu njia ya kwenda kusikilizana na jirani aliyekuta analima shamba lake. Nansen hakuhesabu safari kuwa imekwisha siku walipoiona bahari ya magharibi. Alishona mutumbwi wa kitambaa cha hema, akapiga kasia mupaka kwenye watu.